Vikopo Vinne na Kamera Moja: Mfamasia Anajibu Barua Zenu

Swali: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 37 na huu ni mwaka wa 11 naishi na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, daktari anauita kolaitisi. Natumia mesalazini. Miezi sita sasa sijaona damu chooni, namshukuru Mungu. Juzi daktari kaniambia ugonjwa huu ukiachwa utokote miaka mingi unaweza kuzaa saratani, na anataka nipimwe kwa kamera inayoingizwa utumboni. Tangu siku hiyo silali, nasoma kwenye simu mpaka saa nane usiku. Kila ninaposoma nakuta mimea inayozuia saratani: manjano, chai ya kijani, zabibu, brokoli. Nimenunua vikopo vinne vya kapsuli, viko mezani hapa naviangalia. Vinazuia kweli? Na je, naweza kupunguza mesalazini kidogo kidogo, nibaki na vitu vya asili? Kamera naiogopa, sikufichi.
*Mwenye vikopo vinne*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa na kurasa tatu. Hapa nimeikata, ila nimeisoma yote, pamoja na pale ulipoandika neno saratani, ukalifuta, ukaliandika tena kwa herufi ndogo.

La mesalazini kwanza, maana hilo halisubiri. Usiiache. Nakwambia kama mfamasia na nakwambia kama mgonjwa mwenzio. Kolaitisi ninayo tangu nikiwa na miaka 24, na sasa nina 58. Nilipofika 41 nilifanya hilihili unalolitaka. Nilikuwa nimesoma jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2006: wagonjwa 89 ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia, kundi moja likapewa gramu 2 za kurkumini kwa siku, kundi jingine likapewa kidonge kisicho na kitu. Baada ya miezi sita ugonjwa ulikuwa umewarudia 2 kati ya 43 wa kurkumini, na 8 kati ya 39 wa kidonge kitupu. Kurkumini ndiyo ile rangi ya manjano yenyewe, unaijua kwa doa lake. Nilifurahi kama aliyeokota hela. Mesalazini nikaipandisha juu ya kabati, nikaanza kapsuli za manjano zilizotiwa pilipili manga, mbili asubuhi, mbili jioni.

Mwezi wa tano tangu nianze, nilikuwa naamka mara saba kwa usiku mmoja, na kilichotoka kilikuwa damu na kamasi. Kipimo cha ini nacho kikaja na vimeng'enya vilivyopanda. Daktari wangu, mzee wa maneno machache, alinipa lile jaribio nilisome mbele yake kwa sauti. Nilipofika kwenye maelezo ya namna lilivyofanywa, nikanyamaza. Wagonjwa wale wote, wa kurkumini na wa kidonge kitupu, walikuwa wakiendelea na mesalazini yao, au salfasalazini, dawa ndugu yake, kama kawaida. Mimi nilikuwa nimekimbilia matokeo. Na kazi yangu, fikiria, ni kuwahimiza watu wasome ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa!

Unasema unataka vya asili. Basi sikiliza nasaba ya kidonge chako. Watu wa kale walitafuna gome la mti wa mwerebi kutuliza homa na maumivu. Kilichomo humo ni salisini, na kutoka jina la Kilatini la mti huo, Salix, tukapata neno salisilati. Jina la kikemia la mesalazini ni asidi ya 5-aminosalisiliki. Ilifikaje kwenye utumbo? Katika miaka ya 1930 na 1940 daktari wa Sweden, Nanna Svartz, alikuwa akishughulikia salfasalazini kwa ajili ya ugonjwa wa viungo, ikaonekana inawafaa wenye kolaitisi. Baadaye ikajulikana kwamba sehemu yake inayofanya kazi utumboni ni hiyo mesalazini. Kwa hiyo mmea umo kwenye ukoo wake, tofauti ni kwamba huyu ameshapimwa kwa wagonjwa wengi na kipimo chake kinajulikana.

Sasa kwa nini mchochota wa miaka mingi huzaa saratani? Natumia neno mchochota makusudi. Wengi tunasema uvimbe, na uvimbe unatuchanganya, kwa sababu kinundu cha saratani nacho ni uvimbe. Mchochota ni ule moto: wekundu, joto, maumivu, askari wa mwili wamekusanyika mahali pamoja. Mjerumani Rudolf Virchow alizikuta chembe nyeupe za damu ndani ya vinundu vya saratani tangu mwaka 1863, akahisi kuna undugu. Moto huo ukiwaka siku tatu unaua vijidudu na kuzimika. Ukiwaka miaka, unaunguza mwenye nyumba. Utando wa ndani wa utumbo mpana hujifanya upya kila baada ya siku chache. Ukiwa na vidonda hulazimika kuzaliana haraka zaidi ili uzibe pengo, huku kemikali kali zinazorushwa na askari wale zikiigonga DNA. Kila nakala mpya ya seli ni nafasi mpya ya kukosea.

Kwa watu wengine, wasio na kolaitisi, jeni inayoharibika mapema kwenye safari ya saratani ya utumbo kwa kawaida ni ile inayoitwa APC, na p53, mlinzi anayeamuru seli mbovu ijiue, huharibika mwishoni. Kwetu sisi mpangilio hupinduka, p53 hupigwa mapema. Tena mabadiliko yetu mara nyingi hayaoti kama kinyama chenye kikonyo ambacho daktari anakiona na kukikata. Hutandaa bapa, kama doa. Likumbuke hilo doa, nitalirudia.

Vikopo vyako sasa. Ndani ya seli kuna swichi inayoitwa NF-kappa B. Ikiwashwa, seli hutoa amri za kuleta moto: TNF, interleukini 6, kimeng'enya cha COX-2. Kurkumini huizima swichi hiyo. Resveratroli iliyomo kwenye ganda la zabibu huizima, na katekini za chai ya kijani pia. Sulforafani ya brokoli ina mlango wake mwingine, huamsha Nrf2, msimamizi wa vimeng'enya vinavyosafisha sumu. Hapo walioandika kwenye vikopo hawakudanganya. Ila wameandika habari za seli zilizo kwenye kisahani cha maabara.

Na za panya. Panya hupigwa sindano moja ya azoksimethani, kemikali inayochochea saratani, kisha hunyweshwa kwa siku kadhaa maji yenye kemikali ya DSS inayochubua utumbo, na ndani ya wiki 20 hivi ana vinundu. Wakimlisha kurkumini, vinundu hupungua. Lakini katika baadhi ya majaribio hayo kurkumini ni asilimia 2 ya chakula chote anachokula. Njoo upande wetu. Manjano ya unga ina kurkumini karibu asilimia 3. Kijiko cha chai hubeba gramu 3 hivi za unga, yaani haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu ya kurkumini. Kuzipata zile gramu 2 za Wajapani ungehitaji vijiko kama 22 kwa siku. Mchuzi gani huo?

Ndipo watengenezaji wanakwambia: tumetia pilipili manga. Ni kweli kwamba mwaka 1998 ilionyeshwa kuwa miligramu 20 za piperini, kile kikali cha pilipili manga, hupandisha kurkumini inayoingia kwenye damu kwa asilimia 2,000. Lakini jiulize unaipeleka wapi. Ugonjwa wako uko utumboni. Kurkumini isiyonyonywa hushuka yenyewe mpaka kwenye utumbo mpana, palepale penye kazi. Kwa maoni yangu, ile pilipili inaiondoa njiani na kuitupia ini. Na mlango ule inaoufungua haufungui kwa kurkumini peke yake, dawa nyingine nazo huingia kwa wingi usiotarajiwa. Wafamasia hatuipendi habari hiyo. Wapo watu walioumia ini kwa kapsuli za manjano, hasa zilizoongezewa nguvu ya kunyonywa, na mimi kidogo niwe mmoja wao.

Kuna hadithi moja ya kurkumini naipenda kwa ukweli wake. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa FAP, ambao hujaza utumbo vinyama viitwavyo polipu kwa mamia. Si kolaitisi, lakini ni njia ya haraka ya kuona kama kitu kinazuia. Mwaka 2006 wagonjwa 5 walipewa kurkumini pamoja na kwersetini, ile inayopatikana kwenye vitunguu maji, na polipu zao zikapungua kwa takribani asilimia 60. Habari ikazagaa. Watafiti hawakuishia hapo, mkuu wa utafiti akiwa yuleyule, wakachukua wagonjwa 44, gramu 3 za kurkumini kwa siku, miezi 12, safari hii kukiwa na kundi la kidonge kitupu. Mwaka 2018 wakachapisha: hakuna tofauti, si ya idadi wala ya ukubwa wa polipu. Matangazo ya vikopo mpaka leo yanataja lile la watu 5.

Isije ukadhani nakwambia manjano haina kitu. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio jingine, wagonjwa 50 ambao kolaitisi yao ilikuwa imeamka na mesalazini peke yake ilikuwa imeshindwa kuituliza. Walioongezewa gramu 3 za kurkumini, zaidi ya nusu walitulia ndani ya mwezi. Wa kidonge kitupu, hakuna hata mmoja. Hilo si dogo. Lakini tazama neno langu: walioongezewa. Na jambo lililopimwa ni mchochota. Hakuna jaribio la wanadamu wenye kolaitisi lililoonyesha kwamba kapsuli ya mmea imezuia saratani yenyewe. Kutuliza mchochota ni kupunguza kuni, kwa hiyo ni busara kutarajia faida, ila kutarajia na kuthibitisha ni vitu viwili.

Na ukisikia "haina madhara, ni mboga tu", kumbuka betakarotini, rangi ya karoti. Finland waliwapa wavuta sigara wanaume, katika jaribio la watu 29,133, vidonge vya miligramu 20 kwa siku wakitumaini kuzuia saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Karoti haina kosa. Kosa ni kuikamua kitu kimoja, kukiongeza mara nyingi na kumpa mtu kila siku kwa miaka.

Ningekuwa na vikopo vyako ningefanya hivi. Cha chai ya kijani ningekitupa kwanza, sababu naisema kwenye barua inayofuata. Cha resveratroli kikifika tumboni, ini hukibadilisha karibu chote kabla hakijakaa kwenye damu, nisingekinunua tena. Cha brokoli ningekibadilisha na brokoli. Sulforafani haimo tayari kwenye mboga: kuna malighafi upande mmoja na kimeng'enya upande mwingine, hukutana mboga inapokatwa au kutafunwa. Moto mkali huua kimeng'enya. Kwa hiyo katakata, iache nusu saa au zaidi, ndipo uipike kwa mvuke dakika chache. Ukisahau, nyunyizia unga wa haradali juu baada ya kupika, haradali inacho kimeng'enya hicho. Kabichi na koliflawa ni ndugu zake. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha 1997 kwamba machipukizi ya siku tatu ya brokoli yana malighafi hiyo mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa.

Cha manjano kipeleke kwa daktari wako, mkiangalie pamoja. Kama utatumia, iwe juu ya mesalazini, bila piperini, na ini lipimwe. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au una mawe kwenye figo au nyongo, usikiguse kabla ya kuuliza.

Lakini kitu cha mmea ninachokiamini kuliko vyote hakiuzwi kwa kapsuli na hakina jina zuri: nyuzinyuzi. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa butireti, na butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za utando ule. Mwaka 2015 lilitoka jaribio ambalo hunifanya nitikise kichwa kila nikilisoma. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, na mafuta yakapunguzwa. Wenzao wakafanyiwa kinyume. Wiki mbili tu! Mchochota wa utando na kasi ya seli kuzaliana vilishuka kwa waliokula nyuzinyuzi, vikapanda kwa walioachishwa. Maharagwe, dengu, nafaka zisizokobolewa, mboga za majani, matunda na maganda yake yanayolika. Humo unapata kwersetini na ndugu zake bila kuhesabu miligramu. Ila usianze kwa pupa, na kolaitisi ikiamka punguza yaliyo magumu, pika mpaka yalainike, ondoa maganda na mbegu. Kama umewahi kuambiwa utumbo una mahali palipobana, uliza kwanza.

Sasa lile doa. Miongozo mingi inataka mwenye kolaitisi aanze kuchunguzwa kwa kamera miaka 8 baada ya dalili za kwanza, na ukiwa na ugonjwa wa mirija ya nyongo uitwao PSC, mara tu anapogundulika nao, kisha kila mwaka. Wewe una 11. Daktari hakutishi, anakuwahi. Uchunguzi wa takwimu wa mwaka 2001 ulikadiria hatari ya saratani kwa wenye kolaitisi kuwa asilimia 2 ikifika miaka 10, 8 ikifika 20, na 18 ikifika 30. Tafiti za baadaye zimetoa namba ndogo zaidi, na dawa bora na kamera vinatajwa miongoni mwa sababu. Uliza kama watanyunyizia rangi kwenye utando, maana rangi huyatoa madoa bapa yaliyojificha. Pima ugonjwa ukiwa umetulia, kama sasa, kwa sababu mchochota huiga sura ya doa baya.

Nimepigwa kamera mara 12. Kamera yenyewe sikumbuki, nilikuwa nimelazwa usingizi. Ninachokumbuka ni ile dawa ya kukuharisha ya usiku wa kuamkia kipimo. Iweke kwenye jokofu, inywe kwa mrija, mafuta ya mgando yawe karibu na choo. Mara ya sita walikuta doa la milimita 9, wakalitoa palepale. Nilikuwa nakula brokoli kwa miaka mingi.

Swali: Dada, baba mkwe wangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52. Mume wangu ana 41, ni mzima, hana kolaitisi. Nimempa vidonge vya chai ya kijani vya kupunguza hatari. Nimefanya vizuri?

Jibu: Umefanya kwa mapenzi, dada, lakini vitoe. Chai kwenye kikombe haina shida, anywe atakavyo. Vidonge ni jambo jingine: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, ile katekini kuu ya chai, kwa njia ya vidonge, huandamana na dalili za ini kuumia. Mumeo anachohitaji ni miadi. Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi, mzazi akiwa aliugua kabla ya miaka 60, ni kuanza kamera ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao mzazi, lipi litangulie. Ameshachelewa mwaka. Mwambie daktari kama kuna ndugu wengine waliougua, hata saratani ya mfuko wa uzazi, kwa sababu zipo jeni zinazobeba zote mbili. Nyama zilizosindikwa, soseji na jamaa zake, mpunguzie: mwaka 2015 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliziweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, gramu 50 kila siku zikipandisha hatari ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Swali: Shangazi, rafiki kaniletea unga wa buluu wa Kichina, qing dai, anasema umemponya kolaitisi. Niutumie?

Jibu: Hapana, si kwa kuupimia mwenyewe na kijiko. Huo ni unga wa mmea wa nili, na una nguvu kweli: Japani waliupima kwa wagonjwa 86 na wengi walipata nafuu. Jaribio likakatizwa kabla ya wakati, kwa sababu iliripotiwa kwamba mgonjwa mwingine, aliyekuwa akijinunulia unga huo nje ya jaribio kwa miezi sita, alipata shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu. Huyo rafiki yako, kama anaanza kuhema akipanda ngazi, aende hospitali leo na aubebe huo unga mkononi.

Swali: Mama mfamasia, kwa ajili ya utumbo natafuna punje nne za kitunguu saumu kibichi kila usiku. Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Nipunguze?

Jibu: Baba, rudi jikoni. Kile kikali chake, alisini, huzaliwa punje inapopondwa. Iponde, iache dakika 10 kwenye ubao, ndipo uitie kwenye sufuria, na sehemu ya nguvu itabaki. Si lazima iwe mbichi, na si lazima iwe nne. Kiungulia je, hupati? Nikijibiwa ndiyo sitashangaa. Mkeo mpelekee huu ukurasa.